Mzee Watt, Makaa ya Mawe na Prosesa ya Wati 15

Kila bumu likiingia kuna swali linalozunguka mabwenini kuliko hata swali la ratiba ya mitihani: ninunue kompyuta mpakato gani? Wanaoulizwa ni wale wa TEHAMA, na jibu lao mara nyingi ni moja tu, chukua yenye prosesa kubwa kadiri hela yako inavyoruhusu. Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati, na jibu hilo silikubali. Sababu zangu nimezipata kwa mtu aliyefariki mwaka 1819, ambaye hakuwahi kuona hata balbu ya umeme. Jina lake limeandikwa chini ya chaja yako, limo kwenye betri, na kila ukinunua LUKU unanunua kitu kinachoitwa kwa jina lake. Ni James Watt. Shuleni tulifundishwa kwamba alitengeneza injini ya mvuke, tukaandika kwenye daftari, tukaendelea na mada nyingine. Kumbe la maana zaidi kuhusu huyu mzee ni namna alivyoiuza.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 huko Greenock, mji wa bandari magharibi mwa Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara. Mama yake, Agnes Muirhead, alimfundisha nyumbani kwa muda mrefu kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu, kichwa kinamuuma mara kwa mara, na hayo maumivu ya kichwa yalimfuata hadi uzeeni. Biashara ya baba iligusa bidhaa za makoloni ya ng'ambo ya Atlantiki, na baadaye kampuni ya Watt mwenyewe iliuza injini kwa mashamba ya miwa ya Karibi, ambako wanaofanya kazi walikuwa watumwa waliotolewa Afrika. Nalitaja hili mapema kwa sababu vitabu vya shule vinaliruka, na sisi tuliotoka bara hili hatuna sababu ya kuliruka.

Mwaka 1755, akiwa na miaka 19, mama ameshafariki na biashara ya baba imeyumba, alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya vipimo: dira, mizani, rula na vifaa vya mabaharia. Utaratibu wa wakati ule ulidai mtu akae kwa fundi wake miaka saba. Yeye aliibana kazi yote ndani ya mwaka mmoja, akala kwa shida, akaugua, akarudi Glasgow kufungua duka. Chama cha mafundi cha mji kikamkatalia. Hana miaka saba, hana ruhusa. Basi.

Kilichomwokoa ni chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa kimemtumia tayari kusafisha vyombo vya unajimu vilivyofika kutoka Jamaica, na mwaka 1757 kikampa chumba ndani ya eneo lake, mahali ambapo chama cha mafundi hakikuwa na amri. Kile chumba kikageuka kijiwe. Joseph Black, mhadhiri wa kemia aliyekuwa akichunguza joto linalofichika maji yanapogeuka mvuke, alikuwa hachezi mbali. John Robison, kijana wa chuo tu kama sisi, alikuwa akipitia na kumjaza maswali kuhusu mvuke. Adam Smith, yule wa uchumi, alikuwa anafundisha hapo hapo miaka ile ile. Na katikati yao fundi asiye na shahada hata moja, mikono ina mafuta, anasikiliza na kuuliza. Napenda sana picha hiyo. Vyuo vyetu vina mafundi wa maabara wanaojua mengi kuliko tunavyowauliza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764, chuo kilimpa kimfano kidogo cha injini ya Newcomen akitengeneze. Injini za Newcomen zilikuwepo tangu 1712, zikitumika kuvuta maji kutoka migodini. Zilikuwa zinafanya kazi hivi: mvuke unaingia kwenye silinda, kisha maji baridi yanarushwa ndani ya silinda hiyo hiyo, mvuke unarudi kuwa maji, unaacha ombwe, na hewa ya nje inaisukuma pistoni chini. Hiyo ni pigo moja. Kwa pigo linalofuata mvuke mwingine unaingia, lakini unaikuta silinda imepoa. Kwa hiyo kwanza inabidi uipashe moto silinda, na sehemu kubwa ya mvuke inapotelea hapo, kabla haijafanya kazi yoyote.

Kile kimfano kilipiga mapigo machache tu kikaishiwa mvuke. Fundi wa kawaida angeziba uvujaji akakirudisha. Watt alikaa akapima. Alipima maji kiasi gani yanageuka mvuke, mvuke kiasi gani unaingia kwa kila pigo, na kiasi gani kilitakiwa kuijaza silinda. Akakuta mvuke unaotumika ni mara kadhaa ya unaohitajika. Yaani nguvu ilikuwepo, ila ilikuwa inaliwa na kupasha na kupoza chuma kile kile, mchana kutwa.

Jibu lilimjia mwezi Mei 1765, Jumapili, akitembea kwenye uwanja wa Glasgow Green. Silinda ibaki na moto wake siku zote. Mvuke uliokwisha kufanya kazi uvutwe kwenye chombo cha pili, kilicho baridi siku zote, ukapoe huko. Vyombo viwili, kila kimoja na hali yake. Ukilieleza hivyo darasani mwanafunzi wa kidato cha pili ataona ni jambo la wazi kabisa, na ndiyo maana napenda kulieleza, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 50 injini zile zilikuwa zinafanya kazi Uingereza nzima na hakuna aliyeliona.

Wazo lilipatikana 1765. Injini za kwanza za biashara ziliwaka 1776. Miaka kumi na moja! Hapa katikati ndipo maisha yalipombana. Alikuwa ameoa mwaka 1764, mke wake Margaret Miller, binamu yake. Majaribio yalikula fedha. John Roebuck, mwenye viwanda, akalipa madeni yake na kuchukua theluthi mbili ya hataza iliyotolewa Januari 1769. Lakini mafundi wa wakati ule hawakuweza kuchonga silinda kubwa iliyo duara sawasawa, mvuke ukawa unapita pembeni mwa pistoni. Ili familia ile, Watt akafanya kazi ya kupima mifereji ya kupitisha boti, miaka na miaka, mvua na baridi, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Mwaka 1773 mambo mawili yakaja pamoja: Roebuck alifilisika, na Margaret akafariki akijifungua huku mume wake akiwa mbali kaskazini na vyombo vyake vya upimaji. Alikuwa na miaka 37, mjane mwenye watoto wadogo, na mashine ambayo bado haijamlipa mtu.

Aliyechukua sehemu ya Roebuck alikuwa Matthew Boulton wa Birmingham, mwenye kiwanda cha Soho. Watt alihamia huko 1774. Mwaka uliofuata Bunge liliongeza muda wa hataza mpaka 1800. John Wilkinson, fundi wa chuma, alikuwa amepata mashine ya kutoboa mizinga kwa usahihi, na mashine hiyo ikatoboa silinda zilizokuwa zimeshindikana. Machi 1776 injini ikawaka kwenye mgodi wa makaa wa Bloomfield, nyingine kwenye tanuri za Wilkinson mwenyewe. Mwaka huo huo Watt akaoa tena, Ann MacGregor.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kuna somo la mpakato.

Boulton na Watt hawakuwa wanauza injini kama gunia la mchele. Mteja alinunua vipuri na kulipa ujenzi, lakini faida yao ilitoka mahali pengine. Walilinganisha makaa ambayo injini ya Newcomen ingekula kwa kazi ile ile na makaa ambayo injini yao inakula, wakachukua theluthi moja ya thamani ya tofauti hiyo, mwaka hadi mwaka, mpaka hataza iishe. Ukiokoa pauni 300 za makaa, unampa Watt 100, unabaki na 200. Usipookoa kitu, humdaiwi kitu.

Soko la mpango huu lilikuwa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye migodi ya shaba na bati. Cornwall haina makaa ya mawe. Kila tani ililetwa kwa meli kutoka Wales, bei yake juu. Kwenye migodi ya makaa yenyewe, mashine mlafi haikumsumbua mtu, maana mafuta yake yalikuwa yamelala mlangoni. Kwa hiyo injini ile ile, yenye nguvu ile ile, ilikuwa na thamani kubwa Cornwall na thamani ndogo penye makaa ya bure. Kinachobadilika ni mahali ulipo na kile kinachokosekana hapo.

Hebu sasa turudi bwenini. Katika prosesa nyingi za Intel na AMD zinazopatikana kwenye mipakato ya mtumba pale Kariakoo, angalia herufi ya mwisho ya jina. Ikiwa ni U, prosesa imepangwa kwa wati 15 hivi. Ikiwa ni H, kwa kawaida ni wati 45. Zipo pia ndogo za bei nafuu, kwa mfano Intel N100 yenye wati 6. Namba hizo hazimaanishi kwamba prosesa inakula hivyo kila dakika. Ukiwa unaandika tu inakula kidogo sana, ukiifanyisha kazi ngumu inaweza kuzidi kwa muda. Ila zinakuambia imejengwa kwa maisha ya aina gani. Betri nayo imeandikwa kwa wati-saa. Tuseme ina wati-saa 50. Mashine nzima, kioo na vyote, ikivuta wati 8, unapata saa sita na dakika kumi na tano. Ikivuta wati 25, saa mbili zimekwisha. Hesabu ya kugawanya, darasa la tano.

Bwenini umeme si bili yetu. Hapo sisi tuko kwenye mgodi wa makaa, na wa TEHAMA ana haki ya kukwambia chukua kubwa, kwa sababu anaishi karibu na soketi na anahitaji nguvu ya kweli kwa programu zake. Lakini ukumbi wa mihadhara wenye watu 300 na soketi nne ni Cornwall. Kinachokosekana pale ni saa za kukaa mbali na ukuta. Na Cornwall yenyewe hasa ni shule utakayopangiwa mafunzo kwa vitendo. Nyumba nyingi za walimu vijijini zina betri ndogo ya sola ya volti 12 na ampia-saa 7. Zidisha: wati-saa 84, na si vizuri kuinyonya yote. Mpakato unaovuta wati 40 unaimaliza usiku mmoja kabla hujamaliza maandalio ya masomo ya wiki, na taa inazimika kwa mwenyeji wako pia. Unaovuta wati 8 unakaa jioni nzima na kesho yake bado kuna mwanga.

Ndiyo maana ushauri wa "kadiri hela inavyoruhusu" naukataa. Tuseme kuna mbili, moja laki sita ya U, moja laki nane ya H. Tofauti ya laki mbili inaonekana ndiyo gharama, kumbe gharama nyingine italipwa kidogo kidogo miaka mitatu, kwa saa. Mwalimu mtarajiwa anayeandika, anayesoma PDF na kuandaa maswali, hiyo laki mbili bora aiweke kwenye betri mpya na RAM. Na betri ya mtumba usiiamini kwa maandishi ya nje. Kwenye Windows kuna amri ya powercfg /batteryreport inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa inajaa kiasi gani. Muuzaji akikataa usiifanye hiyo amri, toka dukani.

Watt naye hakuwaamini wateja wake. Ili kujua injini imefanya kazi kiasi gani, walifunga juu yake kihesabio kinachohesabu kila pigo, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Wenye migodi wengi walichukia. Mwanzoni walifurahia kuokoa makaa, miaka ikienda wakaona wanamlipa mtu aliyeko mbali kwa ajili ya kitu ambacho hakipo, yaani makaa ambayo hawakuyanunua. Wengine waligoma kulipa. Nawaelewa, ingawa kwa hesabu walikuwa wamekosea.

Kilichofuata kilileta kipimo. Miaka ya 1780 Watt aliigeuza injini izungushe gurudumu badala ya kuvuta maji tu, na wateja wapya wakawa wenye vinu na viwanda vya pombe. Hawa hawakuwahi kuwa na injini ya Newcomen ya kulinganisha. Walikuwa na farasi. Basi Watt akahesabu farasi. Alichukua farasi anayezungusha kinu chenye mkono wa futi 12, mizunguko 144 kwa saa, akivuta kwa nguvu ya ratili 180. Ikatoka karibu 33,000 kwa futi na ratili kila dakika, na hiyo ndiyo nguvu moja ya farasi. Kwa vipimo vyetu ni kama kunyanyua kilo 76 kwenda juu mita moja kila sekunde, wati 746. Farasi wengi halisi hawafiki hapo kwa siku nzima, kwa hiyo mteja hakuweza kulalamika kwamba amepunjwa. Malipo yakawa pauni 5 kwa kila farasi kwa mwaka, na pauni 6 kwa walioko London. Prosesa yako ya wati 15, kwa kipimo hicho, ni sehemu ya hamsini ya farasi.

Mwaka 1788 akaongeza kifaa kingine, mipira miwili inayozunguka juu ya mhimili. Injini ikikimbia sana mipira inapanuka na kubana vali ya mvuke, injini inapunguza mwendo, mipira inashuka, vali inafunguka. Kanuni hiyo ilikuwa inatumika kwenye vinu vya upepo, yeye akaileta kwenye mvuke. Kiingereza wanakiita gavana, na ndani ya Linux sehemu inayoamua prosesa ikimbie au itulie inaitwa gavana mpaka leo. Prosesa ikikosa kazi ngumu ikapunguza mwendo, ni jamaa huyo yuko kazini.

Kuna upande wake nisioupenda. Hataza ile ndefu aliitumia kama ukuta. Miaka ya 1790 yeye na Boulton waliwafungulia kesi mafundi wa Cornwall waliojaribu kuboresha injini, wakina Hornblower na Bull, na wakashinda. Mvuke wa msukumo mkubwa aliupinga akisema ni hatari, na kweli maboila yalilipuka baadaye, lakini hataza ilipokwisha mwaka 1800 injini za Cornwall zilizidi kupunguza ulaji wa makaa kwa kasi, na kuanzia 1811 wahandisi wa kule walichapisha kila mwezi matokeo ya kila injini ili wote waone nani anatumia makaa vizuri. Hilo la kuchapisha namba hadharani lilifanya kazi kuliko kisanduku chenye kufuli.

Yeye alistaafu mwaka huo huo wa 1800 akiwa tajiri. Binti yake Jessy alikuwa amefariki 1794, na Gregory, mwanawe aliyetegemewa sana, alifariki kwa kifua kikuu 1804. Mzee akapanda kwenye chumba cha darini nyumbani kwake Heathfield, akawa anatengeneza mashine ya kunakili sanamu. Alikuwa ameshavumbua mashine ya kunakili barua mwaka 1780, kwa hiyo hata foleni ya fotokopi ya chuo ina babu yake hapo. Alifariki tarehe 25 Agosti 1819, umri miaka 83, akazikwa Handsworth. Chumba kile kilifungwa na vitu vyake ndani, zaidi ya 8,000, na leo kiko katika jumba la makumbusho ya sayansi London.

Jina lake liliingia kwenye vipimo mwaka 1882, pale William Siemens alipopendekeza kizio cha nguvu ya umeme kiitwe wati. Kwenye chaja yako pengine utasoma 65W. Hiyo ni kiwango cha juu chaja inachoweza kutoa, haisemi mashine inakula kiasi gani. Ulaji wenyewe utaupata kwa kugawanya wati-saa za betri kwa saa ulizodumu bila kuchomeka.